Mtaa Wenu Umegeuzwa Njia ya Mkato? Anzieni Hapa

Ikifika saa kumi na mbili na nusu asubuhi Barabara ya Morogoro imeshika, Sam Nujoma imeshika, na dereva mmoja baada ya mwingine anakata kona kuingia Sinza. Haendi kwa mtu. Anataka atokee Bamaga au Mwenge mbele ya wenzake aliowaacha kwenye foleni. Njiani mwake yuko mtoto anayekwenda shule, yuko mama mwenye jiko la chapati, yuko mzee anayetoka msikitini, na wote wanabanwa ukutani na gari la mtu asiyejua hata jina la mtaa anaoupita.

Mambo matatu yametufikisha hapa. La kwanza ni ramani yenyewe. Sinza na Kijitonyama vilipimwa miaka ya 1970 katika mradi wa viwanja uliofadhiliwa na Benki ya Dunia, na mitaa yake inapokeana kila upande. Kwa anayetembea ni raha. Kwa dereva ni mlango wazi. La pili ni wingi wetu: sensa ya 2012 ilikuta Dar es Salaam ina wakazi milioni 4.36, ya 2022 ikakuta milioni 5.38. La tatu ni lami. Mradi wa DMDP ulipotengeneza barabara za mitaa Kinondoni, Ilala na Temeke tulishangilia, na tulikuwa na kila sababu. Lakini mashimo na vumbi ndivyo vilivyokuwa vikiwafukuza madereva wa mkato, na mara nyingi lami ilivifuta bila kuacha kizuizi kingine.

Kwa hiyo humu hamna kidokezo hata kimoja cha kugombana na madereva. Ukimfokea wa leo, wa kesho hajakusikia. Kinachobaki siku zote ni umbo la barabara, na umbo hilo wakazi wana haki ya kulidai libadilishwe.

1. Hesabuni kabla ya kulalamika

"Magari yamezidi" si hoja mbele ya mhandisi. Chagueni siku mbili za kazi zilizo za kawaida, Jumanne na Alhamisi kwa mfano, shule zikiwa zimefunguliwa. Watu wawili wakae, mmoja kila mwisho wa mtaa, kuanzia saa moja hadi saa mbili asubuhi. Kila mmoja awe na daftari lenye safu zake: gari dogo, bajaji, bodaboda, daladala, lori. Pembeni aandike tarakimu tatu za namba ya gari na dakika lilipopita.

Kisha linganisheni madaftari. Gari lililoingia huku saa 1:10 likatokea kule saa 1:13 halikumtembelea mtu. Hilo ni la mkato. Lililoingia lisionekane tena ni la jirani, mgeni au fundi. Kazi hii inachosha, lakini hapa ndipo kesi nzima inaposimama au kuanguka. Mkikuta magari mengi ni ya wenyeji wenyewe, tatizo lenu ni la mwendo au la maegesho, na dawa yake ni tofauti. Mkikuta robo tatu ni ya mkato, mna ushahidi ambao hakuna ofisi itakayousukuma pembeni kirahisi.

Jambo moja la heshima: namba za magari ya watu zisitupwe kwenye kundi la WhatsApp la mtaa. Mkishazilinganisha, zifuteni.

2. Mwendo nao upimwe

Pimeni mita 50 za barabara kwa kamba, wekeni alama ya chokaa mwanzo na mwisho, kisha tumieni saa ya simu. Gari linalokata mita hizo kwa sekunde 6 linakwenda kilomita 30 kwa saa. Linalozikata kwa sekunde 3.6 linakwenda 50, na hicho ndicho kikomo cha kisheria kwenye maeneo ya makazi Tanzania. Likitumia chini ya sekunde hizo 3.6, dereva anavunja sheria.

Hata 50 ni mwendo mkubwa mno kwa barabara isiyo na njia ya watembea kwa miguu. Mtu akigongwa na gari la kilomita 30 kwa saa kwa kawaida anapona; kwa 50 nafasi hiyo inapungua vibaya. Azimio la Stockholm la Februari 2020, kuhusu usalama barabarani, lilitaka kikomo cha 30 popote watu na magari wanapochangamana kila siku. Litajeni kwenye barua yenu.

3. Jueni barabara ni ya nani

Wakazi wengi hupoteza miezi kwa kupeleka malalamiko pasipo penyewe. Barabara kuu na za mkoa ziko chini ya TANROADS. Barabara za mitaa ziko chini ya TARURA, wakala ulioanza 2017, na anayehusika na mtaa wenu ni meneja wake wa wilaya. Askari wa trafiki anaweza kusimama kwenye kona akaandika faini, lakini hana mamlaka ya kuweka nguzo wala kuondoa lami.

Njia ya barua ni hii: mkutano wa mtaa upitishe ombi, mwenyekiti na mtendaji wa mtaa wasaini, muhtasari uambatanishwe, kisha jambo lifike Kamati ya Maendeleo ya Kata ambako diwani ndiye mwenyekiti. Nakala iende TARURA moja kwa moja. Mjumbe wenu wa shina asiachwe nyuma; yeye ndiye atakayezunguka nyumba hadi nyumba watu wakianza kuchoka. Na ombeni barua yenu igongwe muhuri wa kupokelewa, mbaki na nakala.

4. Kilichopotea kiandikwe pia

Hesabu ya magari haielezi kila kitu. Mwishoni mwa miaka ya 1960 mtaalamu wa mipango miji Donald Appleyard alichunguza mitaa mitatu ya San Francisco iliyofanana kwa mengi ila wingi wa magari: mmoja ulipitiwa na magari kama 2,000 kwa siku, wa pili 8,000, wa tatu 16,000. Aliwauliza wakazi wana marafiki wangapi kwenye mtaa wao. Wa mtaa mtulivu walikuwa na marafiki watatu kwa wastani. Wa mtaa wenye magari mengi hawakufikisha hata mmoja. Aliwaomba pia wachore eneo wanaloliona kuwa ni kwao. Kule kwenye utulivu watu walichora mtaa mzima, kule kwenye msongamano wakaishia kwenye jengo lao. Appleyard alichapisha kitabu chake 1981, na mwaka uliofuata aligongwa na gari akafariki mjini Athens.

Ulizeni maswali hayo mtaani kwenu. Rede na chandimu vilikuwa vikichezwa wapi, na sasa vinachezwa wapi? Ni wazee gani hawavuki tena kwenda dukani bila kusindikizwa? Nani alikuwa akikaa barazani jioni na ameacha? Majibu yaandikwe kwa sentensi fupi, moja moja, yawekwe chini ya jedwali la magari. Mhandisi atasoma jedwali, diwani atasoma sentensi.

5. Msijijengee tuta

Najua hasira inavyowafikisha watu kwenye mfuko wa saruji usiku. Lakini tuta la kujijengea huwa jembamba na kali, halina rangi, halina alama, na wa kwanza kuanguka si dereva wa mkato bali bodaboda aliyembeba jirani yenu saa nne usiku. Mjamzito anayekimbizwa hospitali analipita tuta hilohilo. Mvua za masika zikija, linaziba mkondo na kuelekeza maji kwenye uzio wa mtu.

Tuta la kitaalamu ni pana kuliko watu wanavyodhani. Umbo maarufu lililobuniwa Uingereza miaka ya 1970 lina upana wa mita 3.7 na kimo cha sentimita 10, mgongo wake ni wa mviringo, na gari la mwendo wa pole halisikii maumivu. Linapakwa rangi, linatanguliwa na alama, na pembeni linaachiwa nafasi ya maji. Ombeni hilo. Ombeni pia yawe kadhaa kwa mfululizo, kwa sababu tuta moja peke yake humfundisha dereva kufunga breki kisha kukanyaga mafuta kwa hasira mbele ya nyumba inayofuata. Rasta zile ndogondogo za kutetemesha matairi msizikubali karibu na vyumba vya kulala. Kelele zake usiku zinaudhi kuliko magari yenyewe.

Na hata tuta zuri linapunguza mwendo tu. Dereva aliyeokoa dakika kumi za foleni atayavumilia matuta matatu na kesho atarudi. Anayetaka kuondoa mkato wenyewe aendelee na kidokezo kinachofuata.

6. Ombeni gari lisiweze kutokea upande wa pili

Hii ndiyo dawa yenyewe. Ombeni nguzo katikati ya mtaa, au vyungu vikubwa vya zege vyenye miti, ili kila nyumba ibaki inafikika kwa gari, lakini gari lililoingilia upande mmoja lisiweze kutokea mwingine. Mtembea kwa miguu anapita, baiskeli inapita, mkokoteni wa maji unapita kama nafasi imepimwa vizuri. Mkazi mwenye gari anazunguka kidogo. Dereva wa mkato hana tena sababu ya kuingia.

Wenzetu wamelifanya hili kwa miaka mingi. Berkeley, huko California, waliweka vizuizi vya namna hii miaka ya 1970, vingine vikikatiza njia panda kwa mshazari ili kila gari lilazimike kupinda. Mjini Delft, Uholanzi, wakazi na wahandisi waligeuza mitaa ya nyumba kuwa sehemu ambazo gari linakwenda mwendo wa mtu anayetembea, na kufikia 1976 mtaa wa aina hiyo ulikuwa umetambuliwa katika sheria ya nchi. Waltham Forest, kaskazini-mashariki mwa London, ilianza kufunga mitaa yake kwa magari ya kupita katikati ya miaka ya 2010, kukiwa na maandamano ya kupinga.

Lakini hatuhitaji kwenda Ulaya kujifunza kufunga barabara. Mtaa wa Dar es Salaam unajua. Ukitokea msiba turubai linasimamishwa katikati, matawi ya miti yanawekwa kwenye kona, viti vinapangwa, na dereva akifika anageuza bila ubishi. Magari yanapata njia nyingine, watoto wanavuka bila kushikwa mkono, na wakazi wanaokaa barazani wanasikilizana bila kupaza sauti. Tunaweza kuomba hali hiyo pasipo kufiwa. Andikieni serikali ya mtaa na polisi, ombeni kibali cha kufunga kwa majaribio Jumamosi moja, kisha wiki moja, mkiwa na mapipa yaliyopakwa rangi na watu wa zamu. Kigali imekuwa ikifunga baadhi ya barabara zake kwa magari katika Jumapili maalumu tangu 2016, na watu hufika kukimbia na kuendesha baiskeli. Siku ya jaribio hesabuni tena, na waiteni mhandisi wa TARURA na diwani waje waone kwa macho yao.

Kabla ya nguzo za kudumu, ongeeni na Zimamoto. Nguzo moja iwe ya kuchomoka na yenye kufuli, ufunguo uwe kwao na kwa mwenyekiti. Lori la taka nalo lipangiwe mahali pa kugeuzia. Mkisahau hayo mawili, mtapingwa na watu wenye haki ya kuwapinga.

7. Geti la walinzi lina wa kuumia

Mitaa yenye uwezo hupenda kuchanga, kununua chuma, kuajiri mlinzi na kumuuliza kila anayepita anakwenda wapi. Silipendi geti hili. Barabara ni ya umma, na mlinzi anayemsimamisha mtu hutazama sura na nguo kabla ya kutazama gari. Muuza mboga anarudishwa, gari la kifahari linafunguliwa. Nguzo haimchagui mtu: inazuia gari lolote na kumpitisha yeyote anayetembea. Zaidi ya hapo, magari ni kama maji ya mvua, ukiyazibia kwako bila mpango yataingia kwa jirani wa bondeni, na jirani huyo mara nyingi ndiye asiye na fedha za geti.

8. Daladala na malori

Kila daladala ina njia iliyoandikwa kwenye leseni yake ya LATRA. Ikikatiza mtaani kukwepa foleni imevunja masharti, na abiria walioshuka kituo kisicho chao wameibiwa safari. Andikeni namba, saa na siku, pelekeni LATRA. Malalamiko matano ya tarehe tofauti yana uzito kuliko moja lenye maneno makali.

Kwa malori, ombeni alama ya kikomo cha tani kwenye maingilio ya mtaa. Hapa TARURA ina maslahi yake, kwa sababu lori la mchanga linaivunja lami nyepesi ya mtaa ndani ya msimu mmoja wa mvua. Elezeni hivyo hivyo.

9. Bodaboda hawazuiliwi kwa nguzo

Wanapenya. Dawa yao ni mazungumzo, na mazungumzo yaanzie kijiweni. Kila kijiwe kina mwenyekiti na taratibu zake, na vijana wengi wa hapo ni watoto wa mtaa. Waombeni wakubaliane wenyewe juu ya mwendo, juu ya honi za alfajiri, na juu ya njia ya kupita wakati wanafunzi wanatoka. Wapeni nafasi kwenye kamati yenu ya barabara. Wanaijua mikato yote ya eneo kuliko mtu mwingine yeyote, na watawaambia mahali magari yatakapohamia mkifunga hapa.

10. Ramani ya simu iseme kweli

Programu za kuelekeza njia zimempa mgeni ujuzi ambao zamani alikuwa nao dereva teksi peke yake. Januari 2018 mji mdogo wa Leonia, New Jersey, ulichoka na magari yanayokimbilia daraja la kwenda New York, ukapiga marufuku wasio wakazi kwenye mitaa 60 saa za msongamano, faini dola 200. Mwaka huohuo jaji aliitengua amri hiyo. Kumbe kibao na faini peke yake ni msingi dhaifu.

Mnachoweza kufanya ni kuhakikisha ramani inalingana na ardhi. Mtaa ukifungwa kihalali kwa nguzo, rekebisheni kwenye Google Maps na OpenStreetMap siku hiyohiyo. Dar es Salaam ina watu wa kuwasaidia: mradi wa Ramani Huria ulioanza 2015 ulifundisha wanafunzi na wakazi kuchora mitaa yao, hasa kwa ajili ya mafuriko, na ujuzi huo upo mtaani. Msitume taarifa za uongo za ajali au barabara kufungwa. Programu hugundua magari yanapita, na siku ya ajali ya kweli mtakuwa mmeharibu jina lenu.

11. Kama kuna shule, tangulieni nayo

Ombi lenye shule ndani yake hutembea haraka, na ni haki yake. Taasisi ya Amend imefanya kazi ya kutengeneza mazingira ya barabara kuzunguka shule za msingi, Dar es Salaam ikiwemo: njia za miguu, matuta, nguzo za kuzuia magari yasipande pembeni, alama, na mabadiliko madogo ya geti ili watoto wasitokee moja kwa moja barabarani. Vifaa ni vya kawaida na vya bei nafuu. Mradi huo ulishinda tuzo ya kimataifa ya miji ya WRI Ross Center mwaka 2019. Mwalimu mkuu na kamati ya shule wasaini barua pamoja nanyi, na mchoro uonyeshe watoto wanakotokea, siyo shule ilipo tu.

12. Na ukiwa wewe ndiye dereva

Wakazi wa Sinza hukatiza Kijitonyama, wa Kijitonyama hukatiza Mikocheni. Sote tunaishi kwenye mtaa wa mtu na kupita kwenye mtaa wa mwingine. Fikiria gari linalotoka mtaani: haliwezi kurudi barabara kuu bila kuchomekea, na kila anayechomekea anamsimamisha aliyekuwa kwenye mstari. Foleni uliyoikwepa unairefusha kwa mwenzako, na kesho mwenzako anairefusha kwako. Baki barabara kuu.

Ukilazimika kupita, nenda kilomita 30 au chini ya hapo, usipige honi, na kwenye dimbwi simama kabisa mtembea kwa miguu amalize kupita. Nguo ya shule iliyorushiwa tope saa moja asubuhi haina mbadala mpaka jioni.

13. Rudini kuhesabu, na safari hii nendeni kwa majirani

Mwezi mmoja baada ya mabadiliko, kaeni kwenye kona zilezile, saa zilezile, na madaftari yaleyale. Baadhi ya madereva watakuwa wamerudi barabara kuu, wengine watakuwa wamebadili saa ya kutoka nyumbani. Wengine wamehamia mtaa wa pili, na hao ndio wa kuwafuatilia. Wawili wenu wakahesabu huko, kwa ruhusa ya mjumbe wa huko. Hesabu yao ikiwa imepanda, barua inayofuata kwa TARURA iombe mpango wa eneo zima lililo kati ya barabara kuu, isainiwe na wenyeviti wa mitaa yote miwili, na iende na madaftari ya pande zote.